Gari Kuukuu Linahitaji Jicho la Mama

Katika nyumba nyingi tulizokulia, gari, kama lilikuwapo, lilikuwa la baba. Yeye ndiye aliyejua linakula nini, linaumwa wapi, na linapelekwa kwa fundi gani. Mama alikaa kiti cha pembeni, akapakata mtoto na kikapu. Siku hizi mambo yamegeuka. Akina mama wengi ndio tunaopeleka watoto shuleni, wagonjwa hospitalini na mahindi mashineni, wakati baba yuko kazini mbali. Lakini mara nyingi tumekabidhiwa ufunguo bila maarifa. Kuendesha tunajua, ila boneti hatujaifungua hata mara moja.

Mama mwenzangu, nataka tuzungumze juu ya jambo hili, kwa maana limeigusa nyumba yangu mfukoni na moyoni pia. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, naishi Iringa. Mume wangu anafanya kazi mgodini, Kanda ya Ziwa, na huja nyumbani kila baada ya wiki sita. Gari letu ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, yenye injini ya dizeli ya lita 3, ile ambayo mafundi huiita 1KZ. Tulilinunua mwaka 2010 likitokea Japani. Aina hii ya Prado ilianza kutoka mwaka 1996, na mwaka 2002 nafasi yake ikachukuliwa na aina nyingine. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote sasa imepita miaka 20.

Watu huniuliza, "Mwalimu, gari hilo bado linatembea?" Linatembea. Katika miaka yote hii nimejifunza kwamba gari la zamani haliuawi na uzee, bali huuawa na kutotazamwa. Kabla ya kuharibika, hutoa dalili: tone la oili sakafuni, maji yanayopungua, mlio ambao juzi haukuwapo. Fundi hawezi kuziona dalili hizo, kwa sababu yeye hukutana na gari mara moja kwa miezi mitatu. Anayeziona ni yule anayekaa nalo kila siku, na katika nyumba yetu, huyo ni mimi.

DAFTARI LA GARI

Kitu cha kwanza tulichokifanya baada ya kununua gari hakikugharimu hata shilingi elfu moja. Nilichukua daftari la shule, nikaandika juu yake "GARI". Ndani nimechora safu nne: tarehe, kilomita, kilichofanyika, na gharama. Kila oili inapobadilishwa, naandika. Kila nikiongeza maji, naandika na kiasi.

Daftari ni la lazima kwa gari la zamani, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayekumbuka historia yake. Chukua mfano wa taimingi belti. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa mbele ya injini, unaofanya pistoni na vali zicheze kwa zamu bila kugongana. Ukikatika gari likiwa linatembea, vali na pistoni zinaweza kugongana na injini ikavunjika ndani. Katika magari mengi ya aina hii yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi yakifika kilomita 100,000, kukumbusha kwamba mkanda ubadilishwe. Lakini taa inaweza kuzimwa, na mita inaweza kurudishwa nyuma na muuzaji asiye mwaminifu. Ndiyo maana, ukinunua gari la mkononi lisilo na kumbukumbu, badilisha mkanda huo mara moja, kisha uandike kilomita. Kuanzia hapo historia ni yako.

Oili ya injini tunabadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na chujio lake. Injini hii hunywa karibu lita 7. Ni gharama, ndiyo, lakini oili chafu hula injini kidogo kidogo, kama mchwa ndani ya boriti.

DAKIKA KUMI ZA JUMAMOSI

Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa na gari likiwa mahali tambarare, natumia dakika kumi. Hakuna jambo gumu hapa.

Kwanza naangalia chini ya gari. Sakafu ni shahidi asiyesema uongo. Tone jeusi ni oili. Maji ya rangi, yenye harufu tamutamu, yametoka kwenye rejeta. Maji safi chini ya upande wa kiti cha abiria, baada ya kutumia kiyoyozi, hayana neno.

Pili nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha, nakichomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, hilo lisikutishe. La kutisha ni ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia kwenye oili; usiwashe gari, mwite fundi.

Tatu naangalia chupa ya akiba ya maji ya rejeta, halafu kichupa cha maji ya breki. Vyote vina alama ya chini na ya juu. Maji ya breki yakishuka, ama pedi zimelika, ama pana mahali panavuja. Usiongeze tu ukanyamaza, tafuta sababu.

Nne nabinya mipira ya maji inayoingia na kutoka kwenye rejeta. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Ulioumuka, uliolainika kama mkate uliolowa, au wenye nyufa, muda wake umekwisha. Naangalia pia mikanda ya feni kama ina nyuzi zinazochomoza.

Tano ni betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, fundi avifungue, aanze na upande wa hasi, avisafishe kwa maji ya moto na kuvikausha. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe usiongeze tindikali.

Mwisho ni tairi, pamoja na la akiba. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Tena kuna siri moja ambayo akina mama wengi hawaijui: ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. Ukisoma 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri, lakini mpira wake ukawa mzee na mkavu. Mimi sinunui tairi bila kusoma tarakimu hizo, hata muuzaji akinuna.

Kwa sisi wa dizeli kuna mengine mawili. Asubuhi, ukigeuza ufunguo, taa yenye alama ya waya uliojikunja huwaka. Subiri izimike ndipo uwashe. Kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai, asiyesubiri huitesa betri yake. Pia iko taa ya chujio la dizeli, inayoonyesha kwamba maji yamekusanyika ndani yake. Chini ya chujio kuna kifungo cha kuyamwaga. Fundi akuonyeshe mara moja, utakuwa umejua milele.

REJETA NA MAHARAGE YA IRINGA

Ugonjwa unaojulikana sana wa injini hii ni kuchemka. Ikichemka sana, silinda hedi yake hupasuka kwa urahisi, na matengenezo yake yanaweza kumeza ada ya watoto ya mwaka mzima. Hivyo sehemu hii naomba uisome kwa makini.

Wewe unayeishi nyanda za juu unajua kwamba maharage yetu huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam. Sababu ni kwamba huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100; hapa Iringa ni karibu nyuzi 95. Mwenye sufuria ya presha hufunga mfuniko, mvuke ukajibana, maji yakapata moto zaidi bila kuchemka ovyo. Rejeta ni sufuria ya presha. Mfuniko wake una springi na mpira, na kwa kuyabana maji humo ndani huyawezesha kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira ule ukifa, maji huchemka mapema, hutoka kidogo kidogo, na injini hubaki na kiu.

Mwaka 2016 niliona daftarini kwamba kila Jumamosi nilikuwa naongeza maji karibu nusu glasi. Nililipeleka gari kwenye gereji moja. Fundi alilitazama kidogo, akaniambia, "Mama, nipe namba ya mzee." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake! Akampigia mume wangu, akamwambia hedi imepasuka, injini haifai, afadhali itafutwe nyingine. Jioni mume wangu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mama watoto, tuliuze hivyo hivyo lilivyo. Pesa ya injini hatuna."

Nilinyamaza kidogo. Gari lile ndilo lililokuwa likimpeleka mama mkwe kliniki kila mwezi. Kisha nikafungua daftari nikamsomea. Maji yanapungua nusu glasi kwa wiki, wala hayazidi. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa. Moshi si mweupe. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati. Nikamwambia, "Hedi iliyopasuka ingekuwa na dalili nyingine. Niruhusu nimwone fundi mwingine kwanza." Akakaa kimya, halafu akasema, "Sikujua kama unaandika yote hayo. Haya, nenda."

Fundi wa pili ni mzee wa makamo. Nilimwamkia, nikampa daftari. Alilisoma akiwa amesimama, akaleta kipimo cha presha, akakifunga kwenye rejeta. Rejeta ilishika presha vizuri. Akapima mfuniko, haukushika kitu. Tulinunua mfuniko mpya kwa bei isiyofika ya majogoo wawili. Jumamosi iliyofuata maji hayakupungua, wala iliyofuata hiyo.

Sisemi kwamba kila gari linalopungukiwa maji lina ugonjwa mdogo. Likitoa moshi mweupe mzito hata baada ya kupata moto, au mapovu yakipanda kwenye rejeta, huenda hedi ina tatizo kweli. Ninachosema ni kwamba kipimo kitangulie hukumu. Tena usikubali fundi aondoe thamostati kwa kisingizio cha kupooza injini. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, hula dizeli zaidi na kuchakaa upesi.

SIKU YA KITONGA

Desemba 2019 nilikuwa natoka Morogoro na watoto wote watatu. Tulipita Mikumi, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, na kama saa kumi jioni tukaanza kupanda Kitonga. Wanaoijua njia hiyo wanafahamu: ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori yanatambaa kama jongoo.

Katikati ya mlima niliona mshale wa joto umesogea juu ya katikati. Ujue kwamba katika magari mengi ya Toyota mshale huo hukaa mahali pamoja hata joto likibadilika kidogo. Ukiona umeanza kupanda, hali imekwisha kuwa mbaya. Nilizima kiyoyozi, nikafungua madirisha, nikawasha hita kwa nguvu yote ili ivute joto kutoka kwenye injini. Mtoto wa kati akalia, "Mama, moto!" Nikamjibu, "Vumilia, mwanangu." Mbele kidogo barabara ilipanuka, nikaegesha. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Kama maji yangekuwa hayavuji, ningeiacha injini ingurume taratibu ipoe. Lakini mvuke maana yake maji yanatoka, basi nikazima mara moja.

Binti yangu mkubwa aliwashusha wadogo zake upande wa mlima, mbali na magari. Mimi nikaweka mawe nyuma ya tairi na pembetatu barabarani. Kisha tukangoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Vijana wawili waliopita walinihimiza nifungue rejeta niongeze maji tugeuze kabla ya giza. Nilikataa. Mfuniko wa rejeta yenye moto ukifunguliwa, maji hurukia uso na kuunguza vibaya. Na maji baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto mkali, hedi inaweza kupasuka papo hapo.

Baada ya saa nzima, nilipoweza kuugusa mpira wa juu bila kuungua, niliona ufa. Ulikuwa chini ya kibanio, mahali ambapo hakuna jicho wala kidole cha Jumamosi kinachofika. Mpira ulikuwa mrefu wa kutosha. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia alinipa kisu, nikakata ncha iliyopasuka kama sentimita mbili, nikaurudisha, nikakaza kibanio kwa bisibisi. Nikafunika mfuniko kwa kitambaa kinene, nikaulegeza taratibu, nikaongeza maji kutoka kwenye dumu la lita 10 ambalo halitoki garini mwetu, kidogo kidogo, injini ikiwa inanguruma. Tulikwenda polepole hadi Ilula, nikakagua tena, tukafika nyumbani saa tatu usiku, watoto wamelala juu ya vitunguu. Nilimshukuru Mungu.

Jumatatu mzee fundi alipima. Hedi ilikuwa nzima. "Mama," akasema, "dakika tano zaidi mlimani, tungekuwa tunazungumza mengine." Tulibadilisha mipira yote ya maji kwa pamoja, kwa sababu iliyozeeka pamoja hufa pamoja.

KUSHUKA NAKO KUNA HATARI

Kitonga ileile unapoishuka, hatari inahama kutoka kwenye maji inakwenda kwenye breki. Anayekanyaga breki toka juu hadi chini huzipasha moto mpaka zinakataa kushika. Shuka kwa gia ndogo. Kwa gari la otomatiki, toa D uweke 2, na penye mteremko mkali L, ili injini ilishikilie gari, nawe ukanyage breki kwa vipindi. Maji ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana yetu hubadilishwa kila miaka miwili.

Prado yetu huzungusha magurudumu yote manne wakati wote. Ule mkono mdogo pembeni ya gia una nafasi ya HL inayofunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yaende sawa. Hiyo ni ya matope na mchanga, si ya lami kavu. Lakini usiuache mwaka mzima bila kuugusa, utaganda. Mimi huusogeza mara moja kwa mwezi, kwenye njia ya vumbi ya kwenda shambani.

JINSI YA KUZUNGUMZA NA FUNDI

Usimwambie fundi, "Gari linasumbua." Mwambie kama unavyomweleza daktari habari za mtoto: linagonga wapi, lini, likiwa na baridi au moto, kwenye lami au makorongo, ukikata kona au ukinyoosha. "Linagonga mbele kushoto ninapopita kwenye shimo polepole" ni nusu ya matibabu. Moshi nao useme rangi yake: mweusi mara nyingi ni hewa haitoshi au dizeli imezidi, basi chujio la hewa litazamwe kwanza, wa bluu ni oili inaungua.

Omba upewe spea ya zamani iliyotolewa. Uliza bei kabla ya kazi. Na kama fundi anataka kuzungumza na mzee tu, mwambie kwa upole kwamba mzee yuko mbali, na aliyeachiwa gari ni wewe.

Nikumbushe pia kwamba kuna kazi ambazo si zetu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Breki, usukani na injini ya ndani tuwaachie wenye ujuzi. Na siku itafika ambapo daftari lenyewe litatuambia basi: safu ya gharama itakuwa ndefu kuliko faida, au chasisi itakuwa imeoza kwa kutu. Siku hiyo tutaliuza bila kinyongo, tukimpa mnunuzi daftari pamoja na ufunguo, ili naye ajue anachokichukua.

Hadi hapo, mama mwenzangu, usisubiri baba arudi ndipo boneti ifunguliwe. Jumamosi hii, kabla ya kufua, chukua kitambaa na daftari. Mwite na mtoto aliye mkubwa ashike kalamu. Dakika kumi tu, na wale unaowabeba ndani ya gari hilo watasafiri salama zaidi.